Hita ya umeme kwenye gari la dizeli: piga hesabu ya ampia kabla hujafungua dashibodi

Kuanzia Oktoba hadi Machi wateja wangu hunitafuta kwa jambo moja: kiyoyozi hakipoozi. Kipupwe kikiingia mambo yanageuka. Juni na Julai usiku wa Dodoma hushuka hadi nyuzi 13 hivi, upepo unavuma kama umetumwa, na mtu anayetoka nyumbani saa kumi alfajiri kuifuata barabara ya Iringa anakumbuka kuwa dashibodi yake ina kitufe chenye upande mwekundu ambao hajawahi kuugusa. Anakizungusha. Hewa inatoka baridi. Anafika Mtera, hewa bado ni ya uvuguvugu. Wiki inayofuata yuko gereji kwangu: "Fundi, nifungie hita ya umeme."

Mwaka huu wa kwanza alikuwa mzee mmoja wa Nkuhungu mwenye Hilux ya zamani ya dizeli, anayefuata viazi Njombe. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, halafu akatoa kwenye boksi kifaa cha plastiki chenye ukubwa wa mkate, chenye waya wa kuchomeka kwenye tundu la kuwashia sigara. "Mwanangu ameniagizia mtandaoni. Nichomekee vizuri isije ikaunguza kitu." Nyuma kimeandikwa volti 12, wati 150. Nikamwomba akae kwanza kwenye benchi, maana jibu la swali lake lilikuwa refu kuliko waya wa kile kifaa.

Hita ya kawaida ya gari haitengenezi joto. Ni redieta ndogo iliyofichwa nyuma ya dashibodi: maji ya injini yanapita ndani yake, feni inapuliza hewa juu yake, basi. Joto lote unalolipata ni mabaki, lile ambalo injini ingelitupa nje kupitia redieta kubwa ya mbele. Kwa hiyo injini isiyo na mabaki ina hita dhaifu, na dizeli ni bahili wa mabaki. Sifa ileile tunayoinunulia dizeli, kwamba inageuza sehemu kubwa zaidi ya mafuta kuwa mwendo, ndiyo inayotuacha tukitetemeka asubuhi.

Tazama hesabu yake. Lita moja ya dizeli ina nishati ya kama uniti 10 (kilowati-saa 10) za umeme wa LUKU. Injini ikinguruma gari limesimama, inakunywa kama nusu lita kwa saa, yaani uniti 5. Hapo kuna sehemu inayozungusha injini yenyewe na pampu zake, kuna inayotoka na moshi, na inayobaki kwenye maji ni kilowati moja au mbili tu za kupasha moto donge zima la chuma kabla hujafikiriwa wewe uliyekaa ndani. Tena dizeli nyingi za zamani hazina kile kilango cha hewa kilichomo kwenye injini ya petroli. Petroli ukiachia mguu, kilango kinajifunga na hewa inayoingia inapungua. Dizeli inajaza silinda hewa ya baridi kila mzunguko, inaidondoshea tone la mafuta, halafu inaisukuma nje pamoja na joto. Ndiyo maana ukiiacha inanguruma uani robo saa "ipate moto", mshale wa joto unasogea kama kinyonga. Ukiiendesha taratibu, kilomita chache zinatosha.

Mashine za kisasa, zinazopuliza mafuta moja kwa moja ndani ya silinda kwa shinikizo kubwa, zimezidisha ubahili huo. Ulaya, ambako asubuhi ya nyuzi kumi chini ya sifuri si ajabu, watengenezaji wakalazimika kuongeza joto la pembeni kiwandani. Baadhi ya Volkswagen zina plagi za joto zilizozamishwa kwenye njia ya maji. Nyingi zaidi zimewekewa kipande cha umeme ndani ya boksi la hewa, nyuma ya ile redieta ndogo, na hicho ndicho kinachoitwa hita ya umeme ya ziada. Toyota kadhaa za dizeli zinazoletwa kutoka Japani zina njia ya mkato: kitufe kilichoandikwa Idle Up, kinachopandisha mizunguko ya injini ili iunguze mafuta zaidi na kupata moto upesi. Wateja wangu wengi wanaamini ni cha kuongeza nguvu mlimani, na sijapata moyo wa kuwaambia wote.

Kwanza shika mipira

Mtu akisema hita yake ni dhaifu, kitu cha mwisho kufikiria ni umeme. Cha kwanza ni themostati. Hapa kwetu dizeli nyingi hazina themostati kabisa. Gari lilichemsha siku moja, fundi akaitoa, halikuchemsha tena, mwenye gari akafurahi, hadithi ikaisha. Haikuisha. Themostati ni mlango unaozuia maji yasiende kwenye redieta kubwa mpaka yafike nyuzi fulani, kwa kawaida 82 au 88, na namba hiyo huwa imegongwa kwenye kifaa chenyewe. Ukiutoa mlango, maji yanapoozwa tangu dakika ya kwanza. Asubuhi ya Julai injini inaweza kutembea njia nzima kwenye nyuzi sitini. Inakula mafuta zaidi, inatoa masizi, silinda zinachakaa, na hita inapuliza hewa ya chumbani. Tena kwenye injini ambazo sahani ya chini ya themostati ndiyo inayoziba njia ya mkato ya maji, kuitoa kunaweza kulifanya gari lichemshe zaidi mlimani, kwa kuwa maji ya moto yanazunguka injini bila kupita kwenye redieta. Aliyeitoa alikuwa anatibu homa kwa kuvunja kipimajoto.

Kupima hakuhitaji mashine. Washa gari likiwa baridi, shika mpira mkubwa wa redieta unaounganika na nyumba ya themostati. Kwa injini nyingi ni wa juu, kwa baadhi ni wa chini. Unatakiwa ubaki baridi kwa muda mrefu, halafu upate moto ghafla. Ukianza kupata joto taratibu tangu mwanzo, sambamba na injini, themostati haipo au imekwama wazi. Baada ya hapo tafuta mipira miwili myembamba inayopenya bati linalotenga injini na chumba cha abiria. Injini ikiwa na moto na kitufe kikiwa kwenye nyekundu, yote miwili iwe ya moto. Mmoja ukiwa wa moto na mwenzake baridi, redieta ndogo imeziba, au ndani kuna hewa iliyonaswa, au valvu ya hita haifunguki.

Kwenye Hilux ya mzee sikufika hata huko. Nilipofungua boneti nikakuta mipira yote miwili imegeuzwa na kuunganishwa kwa kipande cha bomba la chuma, klampu mbili, kazi safi kabisa. Maji hayakuwa yakiingia ndani ya gari hata tone. Mzee akakumbuka: miaka minne nyuma zulia la upande wa abiria lilikuwa linalowa, fundi "akaziba". Redieta ndogo ilikuwa imetoboka kwa sababu muda wote alijaza maji ya bomba badala ya kulanti, yale maji maalumu ya kupoozea injini. Maji yetu ya visima tunayajua, birika la jikoni kwako litakuonyesha gamba jeupe lililoganda chini. Gamba hilohilo linajenga ndani ya vijia vya redieta vyembamba kuliko mrija wa soda, na kutu inamalizia.

Tukapata redieta ndogo iliyotumika, ikaoshwa na kupimwa kwa upepo ndani ya beseni la maji. Tukaweka themostati mpya ya 82, mipira miwili, kulanti iliyochanganywa vizuri, hewa ikatolewa. Kazi kubwa ilikuwa kufungua dashibodi. Gharama yote haikufika bei ya altaneta (mashine inayozungushwa na injini ili kuzalisha umeme wa gari) kubwa ambayo angeihitaji kwa hita ya umeme ya maana, na safari iliyofuata alinipigia simu akiwa Mafinga kuniambia amefungua kioo kwa joto.

Wati 150 ni kitu gani

Wapo ambao mipira yao yote ni ya moto na bado wana shida. Anayetoka Nkuhungu kwenda mjini, kilomita chache tu, anazima gari kabla injini haijashiba joto. Mwenye dizeli ya kisasa anayeanza safari alfajiri anasubiri muda mrefu. Anayelala Njombe au Makete, ambako kuna asubuhi za kuamka na sakitu kwenye majani, baridi yake si ya kutania. Hao umeme unaweza kuwasaidia. Lakini kiasi gani?

Feni ya ndani ikiwa kasi ya kati, tuseme inapitisha mita za ujazo 150 za hewa kwa saa. Kwa wembamba wa hewa ya Dodoma, mita zaidi ya 1,100 juu ya usawa wa bahari, kuipandisha hewa hiyo nyuzi moja kunahitaji kama wati 45. Kwa hiyo wati 150 zinapandisha nyuzi tatu na kidogo. Hewa ya nyuzi 13 inatoka ikiwa na 16. Ukiielekeza kwenye vidole utaisikia. Gari zima halitajua kama kuna kilichowashwa. Ndiyo hesabu niliyomwandikia mzee kwenye kipande cha boksi. Taa mbili kubwa za mbele, wati 55 kila moja, zinakaribia kuwa na nguvu ya kile kifaa, na hakuna aliyewahi kuota moto kwenye taa.

Wati 330 zinapandisha nyuzi saba. Kilowati moja, nyuzi 22, na hapo ndipo unaanza kusema hii ni hita. Linganisha na redieta ndogo ya maji yaliyopata moto vizuri, inayotoa kilowati tano au zaidi bila kukutoza kitu. Umeme kazi yake ni dakika kumi za kwanza tu, wakati maji hayajafika.

Sasa kilowati hiyo inatoka wapi? Watu hujibu betri. Betri ni ndoo, bomba ni altaneta. Wati 1,000 ukizigawa kwa volti 13.5 unapata ampia 74. Pikapu nyingi za zamani zina altaneta ya ampia kati ya 40 na 70, na namba hiyo inapatikana ikizunguka kwa kasi. Injini ikinguruma imesimama inatoa kama nusu. Chukua ya 70: kwenye taa nyekundu una ampia 35. Taa za mbele na za nyuma zinachukua 12, feni ya ndani 10, mfumo wa injini na vikorokoro vingine 5. Zimebaki 8. Hita inataka 74. Pengo la 66 linachotwa kwenye ndoo, na nusu saa ya foleni inamaliza ampia-saa 33, karibu nusu ya betri ya 70. Asubuhi ya pili gari linasukumwa na vijana wa bodaboda.

Magari yaliyotoka kiwandani na hita hii yana altaneta kubwa, aghalabu zaidi ya ampia 100, na kompyuta inayoiwasha kwa ngazi, mara nyingi vipande vitatu vya wati 300 na kitu, kimoja baada ya kingine, na kuvizima mara volti zikishuka. Ndani yake kuna jambo ambalo mimi lilinichukua miaka kulielewa. Altaneta si kifaa makini. Ili itoe kilowati moja, mkanda unaidai injini kama kilowati moja na nusu hadi mbili. Mzigo huo unailazimisha injini kuunguza mafuta zaidi, na mafuta hayo yanapasha maji. Kwa hiyo hita ya umeme inakupasha mara mbili, mara ya kwanza mbele ya pua yako, mara ya pili kupitia injini. Unalipia yote kituo cha mafuta, lakini kwa dakika kumi si kitu.

Kwa bajeti, chukua kipande kimoja

Kama altaneta yako ni ya ampia 80 au 90 na bado unaitaka, ushauri wangu ni kipande kimoja cha wati 330 hivi, ampia 24. Kiwe cha keramiki ya PTC, kilichotolewa kwenye gari la aina yako au linalofanana boksi la hewa. Gerezani kule Kariakoo wanavyo kwenye dashibodi za magari yaliyokatwa, na mara nyingi muuzaji hajui ni nini. Maboksi mengi ya hewa yana nafasi yake tayari, imefunikwa kwa kifuniko cha plastiki chenye skrubu mbili, kwa sababu kiwanda kinatengeneza boksi moja kwa nchi za joto na za baridi.

Kwa nini keramiki? Udongo huo, ambao msingi wake ni bariamu titaneti, una tabia njema, na ndiyo maana ya hizo herufi PTC: ukifika joto fulani ukinzani wake unapanda ghafla, umeme unajipunguza wenyewe. Feni ikifa, hita inatulia. Waya wa koili wa kawaida, ule wa pasi au jiko la umeme, hauna adabu hiyo. Feni ikisimama unazidi kuwa mwekundu, na umezungukwa na plastiki na vumbi la miaka kumi na tano. Nimeshaona boksi la hewa lililofungwa koili ya jiko. Lilikuwa limeyeyuka kama mshumaa, na mwenye gari alikuwa na bahati kwamba ilimtokea mchana akiwa macho.

Waya ndio unaounguza magari, kuliko hita yenyewe. Chukua urefu wa mita tatu kutoka betri hadi dashibodi. Ukitumia waya wa milimita 1.5 za mraba, ule wa taa za nyumbani, ampia 24 zinapoteza karibu volti moja njiani na waya unageuka hita ya wati 20 iliyojificha chini ya zulia. Ukithubutu kuupitishia kilowati nzima, joto ndani ya waya linakaribia wati 190; ni taa tatu na nusu za mbele zinawaka ndani ya mpira. Kwa kipande kimoja mimi naweka milimita 6. Nne zinatosha, lakini ndani ya boneti kuna joto na keramiki ikiwa baridi hunywa zaidi sekunde za kwanza. Fyuzi ya ampia 30 ikae shubiri moja kutoka kwenye betri. Fyuzi iliyowekwa ndani, karibu na hita, inailinda hita na kuuacha waya wote uliotangulia ujitetee wenyewe. Pale waya unapopenya bati weka mpira wa tundu. Bati tupu ni kisu kinachokata taratibu. Upande wa hasi usiubane kwenye skrubu ya dashibodi iliyopakwa rangi. Kwangua mpaka chuma king'ae, kaza, paka grisi.

Weka rilei (swichi inayoamriwa kwa umeme mdogo) ya ampia 40, miguu yenye namba 30 na 87 kwa mzigo, 85 na 86 kwa amri. Amri hiyo iipate pale tu ufunguo umewashwa na feni ya ndani inazunguka, halafu swichi ndogo yenye taa ikae mbele ya dereva. Swichi bila taa itasahaulika ikiwa imewashwa mpaka Oktoba. Na kabla ya yote angalia volti: baadhi ya Land Cruiser na malori mengi makubwa ni ya volti 24. Kipande cha 12 ukikichomeka pale hakitasubiri ukae.

Kuna wanaoniuliza kuhusu hita za kuchoma dizeli, zile ambazo Webasto na Eberspächer wa Ujerumani wamezitengeneza kwa miaka mingi na Wachina sasa wanaziuza kwa bei ya chini. Hizo zinatoa kilowati mbili hadi tano, zinakunywa mafuta kidogo, na umeme zinauhitaji zaidi wakati wa kuwaka tu. Kwa dereva wa lori anayelala Makambako ndani ya kabini ni bora mara kumi kuliko umeme. Sharti lake ni bomba la moshi lipite nje kabisa na lisivuje, kwa sababu moshi huo una kaboni monoksaidi isiyo na harufu na inaua aliyelala. Zile za kuchomeka kwenye umeme wa nyumbani usiku kucha, kama wafanyavyo Finland na Norwe, hapa hazina kazi. Injini iliyolala kwenye nyuzi 13 haihitaji blanketi. Ikisumbua kuwaka, kagua hita plagi (zile zinazopasha silinda kabla ya kuwasha) na betri.

Na wengine, ukiwahoji vizuri, shida yao si baridi. Ni ukungu kwenye kioo, hasa wakiwa watano ndani na madirisha yamefungwa. Huo unaondoka bure: washa kiyoyozi, zungusha joto kwenye nyekundu, na zima kile kitufe cha kuzungusha hewa ya ndani ili gari livute ya nje. Kiyoyozi kinakausha hewa kwanza, joto linafuata. Watu hawaamini kuwasha kiyoyozi kwenye baridi mpaka waone kioo kinafunguka.

Ukishafunga hita, mtihani ni mmoja. Usiku, gari likinguruma limesimama, washa taa kubwa, feni ya juu kabisa na hita, halafu weka multimita (kipimo cha volti) kwenye vichwa vya betri na usubiri dakika tano. Ikikaa 13.2 au zaidi, mkabidhi mteja ufunguo. Ikiwa kati ya 12.8 na 13.2, mwambie aizime kwenye foleni. Ikiteremka chini ya hapo na kuendelea kushuka, toa fyuzi siku hiyohiyo mpaka apate altaneta kubwa. Kisha shika waya kwa kiganja, sentimita kwa sentimita, kutoka betri hadi dashibodi. Popote penye joto pafunguliwe upya.